Kigasha cha kima, na ile kano tunayopimiana mkononi

Kuna jaribio linalozunguka kwenye simu. Gusanisha kidole gumba na kidole cha mwisho, kunja kiganja kidogo, kisha tazama kifundo cha mkono. Kano ikitokeza katikati kama kamba iliyovutwa, unaambiwa bado una mkono wa kima. Isipotokeza, umeshaendelea. Nimeona watu wazima wakitaniana hivyo kwa dhati kabisa.

Kano hiyo ni ya msuli uitwao palmarisi longasi. Kima wanao, hilo kweli, na binadamu baadhi hawana: takwimu inayotajwa sana ni watu kama 15 kati ya 100, ingawa jamii hutofautiana mno. Sasa wageukie gorila: wengi wao hawana, na sokwe mtu baadhi hawana pia. Kama kukosa ndiko kuendelea, basi gorila katuacha nyuma! Isitoshe, asiye nao hubeba ndoo yake vizuri tu, kwa kuwa misuli jirani inafanya kazi ileile. Ndiyo maana madaktari wa upasuaji huichukua kano hiyo kuungia kano nyingine iliyokatika.

Wengine husema neva za kima zimepangwa kivyake. Hapana. Ni zilezile tatu, zinatoka shingoni na kupita kwapani: neva ya kati na ya alna kwa misuli inayokunja vidole, ya radiali kwa inayovinyoosha. Ukijigonga kiwiko mlangoni, ganzi ikakimbia hadi kidole cha mwisho, umeigonga neva ya alna. Kwa nyani nayo inapita papo hapo, nyuma ya mfupa.

Kwenye kidole gumba ndipo penye utamu. Tunadhani nyani hana kidole gumba cha maana, wakati kila siku anaokota punje na kumchambua mwenzake kupe kwa ncha za vidole. Tofauti kubwa imejificha kigashani, yaani kati ya kiwiko na kifundo cha mkono. Kwetu kidole gumba kina msuli wake wa kukikunja, fleksa polisisi longasi. Kwa nyani na tumbili, kano ya kidole gumba inachipuka kwenye msuli wa ndani unaohudumia vidole vyote, kwa hiyo si rahisi kuvuta kimoja bila kuvigusa vingine. Jaribu mwenyewe: kunja ncha ya kidole gumba, vingine vikae wima. Usishangae kidole cha shahada kikifuata kidogo. Kuna watu ambao kano ya kidole gumba na ya kidole cha shahada zimeungana, nao ni binadamu kamili. Msuli huo wa kidole gumba unapata amri kupitia tawi la neva ya kati. Tawi likiumia, mgonjwa akiambiwa aunde duara kwa kidole gumba na cha shahada, ncha zinalala bapa na duara halitimii.

Kosa la upande wa pili, la kudhani kima na mtu ni kitu kimoja, lilidumu zaidi ya miaka 1,300. Galen, tabibu wa karne ya 2, alipasua makaki, ambao ni aina ya kima, na wanyama wengine, akaandika kana kwamba kasoma mwili wa binadamu. Mwaka 1543 Vesalius, tabibu aliyepasua miili ya binadamu, ndiye aliyemsahihisha hadharani.

Na mbega, je? Kidole gumba chake ni kinundu tu, au hakipo, na watu humwonea huruma kama kiumbe aliyeachwa nusu. Mtazame kima punju, mbega wa msitu wa Jozani, Unguja, akirukia tawi: vidole vinne vinalinasa kama ndoano.

Halafu lile la zamani, kwamba tumetokana na kima hawa tunaowaona. Sisi na wao tuna babu mmoja wa kale. Mwaka 2013 yalitangazwa mabaki kutoka bonde la Rukwa, Tanzania, ya miaka milioni 25 hivi: mmoja wa ukoo wa sokwe, mwingine wa ukoo wa kima, tayari wameshaachana njia. Yaliyotangazwa ni taya na meno. Kigasha hakimo.