Wekundu ulio juu ya Nyiragongo si aurora

Juma hili nimeletewa tena picha ya anga jekundu, iliyopigwa kutoka Majengo, mtaa wa Goma, na kwa mara nyingine nimeulizwa kama hiyo si aurora, yaani ule mwanga wa rangi unaotokea angani hasa karibu na ncha za dunia. Si aurora. Ni mwanga wa lava iliyomo ndani ya kasoko, yaani shimo la kileleni, ya volkano ya Nyiragongo, unaomulika moshi na mawingu yaliyotanda juu ya kilele. Mawingu yakishuka unakolea, anga likitakata unafifia. Aurora, kinyume chake, hufichwa na mawingu, kwa kuwa wekundu wake hutoka kwenye oksijeni iliyo zaidi ya kilomita 200 juu yetu.

Kinachonichosha zaidi ni hoja inayofuata kila mara: mwaka 1859 aurora ilionekana hata Kolombia, nchi iliyo jirani na ikweta kama yetu, basi kwa nini isionekane Goma? Ndugu zangu, ikweta inayohusika hapa si ile ya ramani ya shuleni. Aurora hufuata sumaku ya dunia, ambayo mhimili wake umeinama kuelekea upande wa Amerika. Kwa hiyo Kolombia ya kaskazini, ambayo kwenye ramani iko kwenye nyuzi 8 au 9 tu, kwa kipimo cha sumaku ilikuwa imevuka nyuzi 20. Goma haiko hivyo hata kidogo. Dhoruba ya sumaku ya Mei 2024, yaani msukosuko wa sumaku ya dunia unaoletwa na jua, ilipaka rangi anga la Namibia na Afrika Kusini, si letu.

Hata hivyo siwadharau mashahidi wa kale. Septemba 1770, waliokuwa ndani ya meli Endeavour karibu na kisiwa cha Timor waliandika kwamba wameona mwanga mwekundu upande wa kusini. Eneo lile lina volkano nyingi, na maandishi hayo yangekuwa peke yake ningeyatilia shaka. Lakini siku zilezile watu wa Japani na China waliandika habari za wekundu upande wa kaskazini, na hakuna mlima uwezao kumulika pande hizo zote mbili. Hapo nasadiki. Taarifa ya mtu mmoja kuhusu rangi tu, bila saa wala upande, siwezi kuiamua, iwe ya mwaka 1770 au ya jana.

Basi anayeniletea picha aniandikie saa na upande aliouelekea, kisha ampigie simu jamaa yake aliye Kibumba, mashariki mwa mlima. Wa Goma atasema wekundu uko kaskazini, wa Kibumba atasema uko magharibi. Chora mistari hiyo miwili kwenye ramani, nayo itakutana kasokoni.