Je, wajua kwa nini milio sita ya redio inachelewa kwenye simu yako?

Fungua BBC Radio 4 ya Uingereza kwenye simu dakika chache kabla ya taarifa ya habari. Ikikaribia saa kamili utasikia pip, pip, pip, pip, pip, halafu piiip moja ndefu. Waliokua na idhaa ya dunia ya BBC nyumbani wanaijua hiyo milio vizuri hata kama Radio 4 hawajawahi kuisikiliza. Sasa angalia saa ya simu hiyohiyo wakati milio inalia, utakuta imeshavuka saa kamili zamani, inaweza kuwa sekunde kumi, inaweza hata kufika nusu dakika. Simu moja inatoa majibu mawili kwa swali moja, na ukiuliza watu kwa nini, wengi watakwambia London ni mbali, sauti inachukua muda kufika huku. Sio kweli, na umbali ni kitu cha mwisho kabisa cha kulaumiwa hapa.

Milio yenyewe ilianza kurushwa tarehe 5 Februari 1924, baada ya Frank Dyson, mwanaastronomia wa kifalme kwenye kituo cha kuangalia nyota cha Greenwich, London, kukubaliana na John Reith, mkuu wa BBC wakati huo. Saa mbili za pendulamu za Greenwich ndo zilikuwa zinatoa ishara, mbili ili moja ikiharibika nyingine iendelee, na BBC inaigeuza ishara kuwa mlio. Tangu 1990 BBC wanatengeneza milio wenyewe kwa saa zao.

Kwa Radio 4 milio hii ndo nguzo za siku. Hii ni stesheni ya maongezi, muziki kidogo sana, na vipindi vyake havifanani hata kidogo: siku za kazi kuna Today kuanzia saa 12 asubuhi saa za London, Woman's Hour saa 4, World at One saa 7 mchana, jioni ikiingia saa 1 kuna The Archers, mchezo wa redio wa maisha ya wakulima unaoenda nchi nzima tangu 1951, na kuna utabiri wa hali ya bahari kwa mabaharia. Vingi vinakwenda laivu, mgeni anaweza kuwa waziri anayekwepa swali, lakini milio ikifika lazima mtangazaji awe ameshanyamaza. Kuongea juu ya milio pale ni aibu, kwa hiyo dakika ya mwisho ya kipindi inahesabiwa sekunde kwa sekunde. Saa 12 jioni na saa 6 usiku milio inakaa pembeni na kengele ya Big Ben inalia.

Kuna jambo dogo la kuweka sawa kabla hatujafika kwenye simu. Wengi wanadhani milio mitano ni ya kujiandaa na saa kamili inaingia ule mrefu ukimalizika. Hapana, saa inaingia pale mlio mrefu unapoanza. Mitano ya kwanza inaangukia sekunde ya 55, 56, 57, 58 na 59, kila mmoja una urefu wa sehemu moja ya kumi ya sekunde, na wa sita unaanza kwenye sekunde sifuri kamili na kudumu nusu sekunde. Zamani yote sita ilikuwa na urefu sawa na watu wakachanganyikiwa upi ni wa mwisho, ukarefushwa mwishoni mwa 1971. Marekebisho yalikuja wakati mzuri, maana kuanzia 1972 dunia ikaanza kuongezewa sekunde moja mara chache ili saa za atomu zisiachane na mzunguko wa dunia wenyewe, na sekunde hiyo ikiwepo milio inatakiwa kuwa saba, kwa hiyo anayehesabu sita atakosea ila anayesubiri mrefu hatakosea. Mpaka sasa zimeongezwa sekunde 27, ya mwisho ilikuwa mwisho wa 2016, sisi Afrika Mashariki tulikuwa tunaingia saa 9 usiku ya Januari mosi 2017.

Sasa turudi kwenye umbali. Mawimbi ya redio yanakwenda karibu kilomita 300,000 kwa sekunde. London hadi Dar es Salaam ni kama kilomita 7,500, kwa hiyo wimbi likitoka moja kwa moja linafika ndani ya sehemu 25 za elfu za sekunde, yaani robo tu ya urefu wa pip moja fupi. Sikio halitambui. Hata ukiipitisha sauti kwenye setilaiti iliyoko kilomita 36,000 juu, kupanda na kushuka ni kama robo sekunde. Wakati huohuo mtu aliyekaa London kwenyewe, anasikiliza kwa simu, anachelewa sekunde nyingi kuliko hizo zote. Umbali wake ni mdogo kabisa na bado anachelewa!

Kinachochelewesha ni kusubiri. Sauti ya kidijitali haisafiri ikiwa inatiririka kama ya FM, inakatwa vipande kwanza. Fikiria daladala iliyopo kituoni haiondoki mpaka ijae. Pip imepanda ya kwanza ikakaa siti ya mbele, lakini inabidi isubiri sauti za sekunde zinazofuata nazo zipande, ndo gari liondoke. Barabarani ni kasi, sawa. Ikifika upande wa pili simu yako nayo haiwaruhusu abiria kushuka palepale, inasubiri magari mawili matatu yafike yapange foleni, kwa sababu moja likikwama kwenye mtandao mbovu lazima kuwe na mengine ya kushusha abiria wakati huo, la sivyo sauti inakatika katikati ya sentensi. Hiyo foleni ndo bafa. Kadiri apu inavyotaka sauti isikatike ndo foleni inakuwa ndefu, na kila apu ina foleni yake, kwa hiyo hakuna namba moja ya kusema simu zote zinachelewa hivi. Redio za DAB, yaani redio za kidijitali za antena zinazotumika sana Uingereza, nazo zinakata na kusubiri, ila foleni yao ni fupi, sekunde kadhaa tu kutegemea redio yenyewe. Ndo maana jiko moja la London linaweza kuwa na milio mara tatu: FM inatangulia, DAB inafuata, simu inamalizia.

Mbona basi saa ya simu yenyewe iko sawa, na simu nyingi zinaipata kupitia mtandao huohuo? Kwa sababu saa inauliza. Simu inatuma swali kwenye seva, yaani kompyuta inayotunza muda sahihi, seva inajibu kwa muda wake, simu inapima kwenda na kurudi kumechukua muda gani, inagawa kwa mbili na kusahihisha. Hesabu hiyo inachukulia kwamba kwenda na kurudi ni sawa, na sio kila mara ni sawa, ila kosa huwa ni sehemu ndogo ya sekunde. Redio haina njia ya kuuliza, inasema tu. Pip inapotoka kwenye spika haina habari kama imekaa kwenye foleni sekunde mbili au thelathini.

Na ukisema BBC waitume mapema ili ifike kwa wakati, mapema kiasi gani? Wakiitanguliza kwa sekunde 20, itakuwa sawa kwenye apu moja na itamdanganya mwenye FM aliyekuwa anaipata sawasawa. Halafu milio imeshachanganywa na sauti ya kipindi, ukiisogeza unausogeza na mdomo wa mtangazaji na taarifa ya habari inayofuata. Kwa hiyo milio inaachwa iondoke London kwa wakati wake, na anayetaka kurekebisha saa ya mkono kwa milio hiyo itabidi atafute redio ya FM huko Uingereza na asikilize pale mlio mrefu unapoanza.