Kauli ya Uongo Kisheria: Ni Ipi, na Inamfikisha Mtu Wapi?

Si kila uongo ni jinai. Kumwambia jirani huna hela wakati unazo hakumhusu hakimu. Uongo unageuka kosa pale unapousema mahali ambapo sheria imekutaka useme kweli, na mahali panapojulikana zaidi ni mahakamani. Kwa Tanzania, kifungu cha 102 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kinamhusu mtu anayetoa ushahidi wa uongo katika shauri, au kwa ajili ya kufungua shauri, huku akijua kwamba anachosema si kweli. Tena uongo huo lazima uguse jambo lenye uzito katika shauri hilo. Adhabu yake ni kifungo kinachoweza kufika miaka 7.

Neno la kushika hapo ni "akijua". Shahidi aliyechanganya Jumanne na Jumatano kwa sababu miaka imepita hajatenda kosa hili. Aliyekuwa Mwanza siku ya tukio, kisha akaapa kwamba aliona kila kitu Mbeya, huyo amelitenda.

Sheria haijali kama umesema kwa mdomo au kwa maandishi, na hili watu wanalichukulia kirahisi mno. Hati ya kiapo uliyochapiwa steshenari nje ya mahakama ni ushahidi wako. Mwishoni ina sehemu ya uthibitisho, inayosema kwamba yaliyomo katika aya fulani hadi fulani ni kweli kwa ufahamu wako mwenyewe. Ukitia sahihi hapo, maneno yamekuwa yako, hata kama aliyeyatunga ni mchapaji. Soma kila aya kabla ya kushika kalamu. Kama habari uliambiwa na mtu, hati imtaje aliyekuambia.

Mirathi ndiko uongo wa namna hii unakoumiza familia nyingi. Ukoo unakaa kikao, muhtasari unaandikwa, jina la mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa linaachwa. Msimamizi anakwenda kuapa kwamba marehemu ameacha watoto watatu, wakati kaburini walioitwa kuweka udongo walikuwa wanne. Sheria ya mirathi, Sura ya 352, kifungu cha 49, inairuhusu mahakama kufuta uteuzi wa msimamizi uliopatikana kwa kudanganya au kwa kuificha mahakama jambo la msingi. Kifungu hicho kinakwenda mbali zaidi: uteuzi unaweza kufutwa hata kama maelezo yasiyo ya kweli yalitolewa kwa kutojua. Kenya nako, kifungu cha 76 cha Sheria ya Urithi, Sura ya 160, kinasema hivyo hivyo. Kwa hiyo anayejitetea kwamba hakumfahamu yule mtoto anaweza kukwepa jela na bado akapoteza usimamizi.

Pigo jingine huja hata kabla polisi hawajahusishwa. Katika maombi ya Ignazio Messina dhidi ya Willow Investments, namba 21 ya mwaka 2001, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilisema kwamba hati ya kiapo iliyochafuliwa na uongo si hati ya kiapo kabisa, na haiwezi kubeba maombi. Yaani aya moja ya uongo inaweza kuangusha ombi ambalo pengine lilikuwa na haki ndani yake.

Nje ya mahakama, kifungu cha 122 cha Kanuni ya Adhabu kinamgusa anayempa mtumishi wa umma taarifa anayojua ni ya uongo, ili mtumishi huyo atumie mamlaka yake kumdhuru au kumsumbua mtu mwingine. Anayekwenda kituoni kumsingizia jirani wizi kwa sababu ya ugomvi wa mpaka wa shamba aanzie kusoma hapo.

Mshtakiwa wa ushahidi wa uongo naye ana kinga yake. Kifungu cha 105 hakiruhusu atiwe hatiani kwa neno la shahidi mmoja tu kwamba alidanganya. Lazima pawepo ushahidi mwingine wa kuliunga mkono. Na aliyemshawishi mwenzake aape uongo, awe mjomba aliyeongoza kile kikao au rafiki aliyelipa nauli ya shahidi, anakabiliwa na ile ile miaka 7.