Maswali ya dirishani maabara: "Nimeshameza mseto, dawa ya malaria, naweza kupima?"

Seli ni nini?
Ni kijumba kidogo kabisa chenye uhai. Mwili wote umejengwa kwa hivyo. Jina limetoka kwa Robert Hooke wa Uingereza. Mwaka 1665 alitazama kwa hadubini ganda la mti linalotengenezewa vizibo vya chupa, akaona vijumba vitupu vimepangana.

Nani alianza kuchungulia damu?
Miongoni mwa wa mwanzo ni Antoni van Leeuwenhoek, muuza vitambaa wa Delft, Uholanzi, aliyesaga lenzi zake mwenyewe. Mwaka 1674 alieleza chembe nyekundu za damu. Mwaka 1681 aliharisha, akachungulia choo chake mwenyewe, akaona vidudu vinatembea. Ninyi mnaorudisha kikopo kitupu kwa aibu, mmesikia?

Mimi nina homa. Hayo yananihusu nini?
Yanakuhusu sana. Mtaalamu wa mimea Mjerumani, Schleiden, alisema mimea imejengwa kwa seli mwaka 1838, Mjerumani mwenzake Schwann akasema hivyo kwa wanyama mwaka 1839. Daktari Mjerumani Virchow naye, mwaka 1855, akashikilia kwamba kila seli huzaliwa na seli nyingine, kisha akafundisha kuwa ugonjwa utafutwe ndani ya seli. Zamani homa ya malaria ilisingiziwa harufu ya mabwawa. Neno malaria lenyewe ni la Kiitaliano, hewa mbaya. Mwaka 1880, huko Constantine, Algeria, daktari wa jeshi la Ufaransa, Alphonse Laveran, akamwona mdudu wa malaria kwenye damu ya askari. Mdudu huyo, yaani kimelea, huingia ndani ya chembe nyekundu, huila, huzaana humo, kisha chembe hupasuka na wengine hutoka kutafuta chembe mpya. Ule mtetemo wako ndio kupasuka huko.

Nimeshameza mseto. Naweza kupima?
Tutakupima, lakini umetuharibia kazi. Dawa hupunguza vimelea haraka, nasi kwenye slaidi, kile kioo chenye tone la damu yako, tunatafuta vimelea hao hao. Tunaweza tusione kitu, na bado wamebaki wachache wanaozaana. Pima kwanza.

Lakini nilimeza viwili tu, vilivyobaki vya jirani.
Hata viwili. Hata kimoja. Dozi ya mseto ni siku tatu kamili, si "nikipata nafuu naacha". Pima kwanza, ndipo umeze, na umalize. Kama umeshameza, tutajie dawa, idadi na saa; usituambie "sijameza kitu".

Kwani kila homa ni malaria?
Siyo. Nimonia huleta homa, mkojo mchafu huleta homa. Majibu yakiwa hasi, watu hutuambia hadubini yetu mbovu, wanapita duka la dawa kununua mseto, na nimonia inaendelea kula mapafu. Rudi kwa daktari na karatasi yako.

Mtoto anachemka usiku. Nisubiri asubuhi?
Usisubiri. Degedege, kulegea, kushindwa kunyonya au kunywa, kutapika kila kitu, kupumua kwa shida: beba mtoto, nenda sasa hivi. Hata kama dalili hizo hazipo, homa ya mtoto mdogo ipimwe ndani ya saa 24. Wanaotufikia siku ya nne wamepitia panadoli, mwarobaini na mseto nusu. Tunakuta damu imeshuka, na hapo tunatafuta wa kuwachangia damu.