Henza ishike, lakini ifunguke

“Fundi, piga fundo ambalo halitafunguka.” Hilo ndilo agizo ninalopewa mara nyingi na vijana wanaonunua mashua ndogo za tanga hapa Kigoma, na ndilo nisilolitii. Henza, kamba ya kupandishia tanga, haifungwi kama gunia la dagaa kwenye keria ya baiskeli. Ishike kutwa nzima, ndiyo, lakini upepo ukichafuka uifungue kwa mkono mmoja, gizani, kamba ikiwa imelowa. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita 670 hivi. Kusi la kiangazi likivuma kwa urefu huo, mawimbi yanatufikia yakiwa yamekwisha kukomaa. Tanga lisiposhuka hapo, mashua inalala ubavu.

Kwenye mlingoti napigilia kigingi cha pembe mbili, moja juu na moja chini, nikikilaza kidogo, nyuzi 10 hadi 15 kutoka mstari wa kamba. Wateja wengine hudhani mkono wangu umeteleza. Ni makusudi: kikisimama sambamba na kamba, mzungo wa pili unaukandamiza wa kwanza, na henza inajibana yenyewe.

Kamba inayoshuka kutoka kwenye abedari, kapi la juu ya mlingoti, ipitishe kwanza chini ya pembe ya chini, kisha uzungushe shina la kigingi mara moja, mzungo kamili. Mzungo huo ndio unaobeba uzito. Ndipo upige umbo la 8 mara mbili au tatu kwenye pembe zote, na mwisho ugeuze kitanzi kimoja kijilalie chenyewe. Kimoja tu! Nimeona vigingi vilivyofunikwa kamba mpaka pembe hazionekani, na mwenye mashua anajisifu. Havishiki zaidi, vinachelewesha tu kufungua.

Hata hicho kitanzi kimoja kinategemea kamba. Katani ikilowa hunenepa na kufupika. Mvua ya Novemba ikinyesha usiku, asubuhi kitanzi kimekaza mpaka unatafuta kisu. Mwenye katani aache kitanzi, aongeze umbo la 8 moja. Poliesta haina tabia hiyo, nayo hairefuki sana, ndiyo maana naipendekeza. Nailoni iache kwenye nanga: huko kurefuka kwake ni faida, ila kwenye henza foromali, mti unaobeba tanga, inashuka kidogo kidogo na tanga linapoteza umbo wakati wewe unalaumu upepo.

Kwenye mashua kubwa kidogo yenye foromali, kuna jambo ambalo watu hawaulizi: henza iende wapi kabla ya kufungwa. Ukiifunga shinani mwa mlingoti, mvuto wake unarudi chini kwenye mti uleule, kwa hiyo mlingoti unabeba uzito wa tanga karibu mara mbili, na hakuna kinachouvuta nyuma. Ipeleke nyuma ya mlingoti, upande wa goshi, upepo unakotoka, uifunge ubavuni. Hapo inapandisha tanga na wakati huohuo inakuwa tegemeo la mlingoti. Usumbufu wake ni kwamba ukigeuza mashua lazima uihamishe, na mabaharia wavivu hawapendi. Mlingoti uliovunjika hawaupendi zaidi.

Ncha ya henza ipige fundo au ifunge shinani, isije ikapaa hadi juu ukabaki unaitazama. Iliyobaki ikunje kwa mizunguko, itundike kwenye pembe ya juu, lakini ukiwa njiani ilaze sakafuni, ya juu ikiwa ndiyo itakayotoka kwanza.

Mashua ikilala ufukoni Kibirizi, hapa Kigoma, ivute henza mbali na mlingoti kwa kipande cha kamba. Ikiachwa, inapigapiga usiku kucha. Majirani watakuchukia, na rangi ya mlingoti itachubuka. Kila msimu igeuze ncha kwa ncha, maana pale inapopita kwenye abedari ndipo inapolika kwanza. Ukiona nyuzi zimeanza kusimama kama manyoya hapo, kata kipande hicho, au nunua nyingine.