Je, wajua kwa nini ujenzi wa kijani huwatega madiwani wa miji midogo?

Chukua baraza la mji lenye madiwani saba. Ajenda ya jioni hiyo ni kanuni mpya: kila jengo kubwa litakalojengwa mjini livune maji ya mvua, litumie umeme kidogo, na lipate cheti cha jengo la kijani kabla ya watu kuruhusiwa kuhamia. Diwani anayeiwasilisha anaifahamu kuliko wenzake wote. Anajua dirisha liangalie wapi ili jua la mchana lisichome ndani, na paa lipakwe nini ili chumba kisihitaji kiyoyozi. Anajua kwa sababu hiyo ndiyo riziki yake. Yeye ni msanifu majengo, na ofisi yake ndiyo pekee mjini yenye mtu aliyesomea kuandaa maombi ya cheti hicho. Kanuni ikipita, wateja watapanga foleni mlangoni kwake.

Wahenga walisema mwamba ngoma huvutia kwake. Lakini huyu anavuta kweli? Huenda amekuwa akiyahubiri majengo ya namna hii miaka ishirini, tangu enzi ambazo hayakuwa yanamlipa kitu. Hapo ndipo wengi wetu tunapokosea kuelewa. Tukisikia “mgongano wa maslahi” tunadhani mtu anaitwa mwizi, na mwenyewe akisikia anang'aka: mimi nimekula rushwa ya nani? Hakuna aliyesema amekula. Mgongano wa maslahi ni hali ambayo mtu anaweza kuwa nayo akiwa mwaminifu kabisa, kama vile mtu anavyoweza kuwa na undugu na mshtakiwa. Rushwa ni tendo, na huenda lisitokee kamwe.

Mahakama za Uingereza zililiweka wazi jambo hili mwaka 1852. Lord Cottenham, aliyekuwa mkuu wa majaji wa nchi hiyo, alikuwa amethibitisha hukumu iliyoipa ushindi kampuni ya mfereji, Grand Junction, dhidi ya mwenye ardhi aitwaye Dimes. Baadaye ikajulikana kwamba alikuwa na hisa za maelfu ya pauni katika kampuni ileile. Waliosikiliza rufaa walikiri kwamba hakuna anayeweza kudhani hisa hizo zilimyumbisha hata chembe. Uamuzi wake wakaufuta hata hivyo. Kesi ya ngedere haiamuliwi na nyani, hata kama nyani huyo ana sifa ya haki msitu mzima.

Sasa kwa nini mji mdogo? Sababu ya kwanza ni kwamba udiwani wa mji mdogo kwa kawaida haumlishi mtu. Ni posho, wala si mshahara wa kuendeshea nyumba, kwa hiyo kila diwani ana kazi nyingine. Na mamlaka makubwa ya baraza la mji yako kwenye ardhi: nani ajenge wapi, ghorofa ngapi, kiwanja cha makazi kigeuzwe cha biashara au la. Basi wanaovutiwa kugombea mara nyingi ni wale ambao ardhi inawahusu tayari: makandarasi, madalali wa viwanja, wanasheria wa hati, wenye nyumba za kupangisha. Zaidi ya hayo watu ni wachache. Katika jiji la mamilioni, kanuni ya ujenzi itawanufaisha wasanifu mia kadhaa wasiojulikana. Katika mji mdogo itamnufaisha mmoja, na ndiye aliyekaa pale mbele.

Ujenzi wa kijani unaukaza mtego huu kwa namna yake, na kiini chake ni vyeti. Chama au taasisi hutunga orodha ya sifa na kuzipa alama. Jengo likikusanya alama za kutosha linapewa daraja. Cheti cha BREEAM kilianza Uingereza mwaka 1990. Cha LEED, ambacho ndicho maarufu zaidi, ni cha baraza la majengo ya kijani la Marekani lililoundwa mwaka 1993, nalo ni shirika lisilo la serikali. Katika toleo lake la nne alama zote ni 110: ukipata 40 umefuzu, 50 ni daraja la fedha, 60 dhahabu, na 80 platinamu. Hakuna ubaya hapo, watu walihitaji kipimo. Tatizo huanza pale jina la cheti kimoja linapoandikwa ndani ya sheria ndogo za mji. Hapo baraza limepitisha ubora, lakini pia limechagua soko: watathmini wenye mafunzo ya cheti kile, ada zinazolipwa kwa kile chama, na wauzaji ambao bidhaa zao zinaleta alama. Neno moja ndani ya kifungu linaweza kuwa mkataba wa miaka kumi kwa mtu fulani.

Jiji la Boston, Marekani, mwaka 2007, lilipoingiza masharti ya kijani katika kanuni za majengo makubwa ya watu binafsi, lilitumia njia ya werevu. Jengo lilitakiwa lifikie kiwango cha LEED, ila mwenye nyumba hakulazimishwa kwenda kuchukua cheti chenyewe. Kipimo kikabaki, foleni ya kutafuta cheti ikapungua. Wengine huenda mbali zaidi na kuacha kutaja jina lolote: wanaandika tu kiasi cha juu cha nishati kinachoruhusiwa kwa kila mita ya mraba kwa mwaka, na kumwachia mjenzi atafute njia. Kanuni ya namna hiyo ni ngumu kuiandika, lakini pia ni ngumu kuivutia upande wako.

Halafu kuna wema wa jambo lenyewe. Majengo, ukijumlisha kuyajenga na kuyatumia, yanahusika na zaidi ya theluthi moja ya hewa ya ukaa itokanayo na nishati duniani. Kwa hiyo anayetetea kanuni ya kijani anatetea kitu cha kweli, na anayemuuliza kuhusu biashara yake anaonekana adui wa mazingira. Watu hunyamaza. Ila upande wa pili nao usisahaulike, na mimi huona ndio unaopita bila kuguswa: diwani mwenye nyumba thelathini za kupangisha, zote za bati tupu na joto la tanuri, anasimama na kusema kanuni hii itawaumiza wanyonge. Huyo anapiga kura kulinda mfuko wake sawasawa na yule msanifu, tofauti ni kwamba kutotenda hakuonekani kama faida.

Dawa inayotajwa haraka ni kutangaza maslahi. Simama, sema una nini, kisha tuendelee. Uingereza, kwa sheria ya mwaka 2011, diwani asiyetangaza maslahi yake ya kifedha bila sababu ya msingi anaweza kushtakiwa kwa jinai. Lakini kutangaza peke yake kuna kasoro ya ajabu. Mwaka 2005, watafiti Cain, Loewenstein na Moore walichapisha jaribio lao la chupa iliyojaa sarafu. Mtu mmoja alikadiria thamani yake kwa kuiona kwa mbali, huku mshauri aliyeiona kwa karibu akimpa ushauri. Washauri wengine walilipwa zaidi mkadiriaji akitaja kiasi kikubwa. Mgongano huo ulipotangazwa, washauri hawakujirekebisha. Walizidi kuongeza chumvi, kana kwamba kukiri kumewapa ruhusa. Na wakadiriaji, ingawa walionywa, hawakupunguza makadirio yao vya kutosha.

Ndiyo maana jimbo la California, Marekani, chini ya sheria ya mwaka 1974, halikuishia kwenye kutangaza. Diwani mwenye maslahi husema ni nini, haingii kwenye mjadala wala kura, na hutoka ukumbini. Kutoka huko kuna maana, kwa sababu wenzake hawatasema yote wakimwona amekaa palepale amekunja mikono. Kama suala linagusa mali yake binafsi, anaweza kuzungumza kama mwananchi mwingine yeyote. Kuna hata kipimo cha utepe: ukiwa na kiwanja ndani ya futi 500, yaani mita kama 150, kutoka eneo linalojadiliwa, unahesabiwa kuwa na maslahi hadi uthibitishe vinginevyo. Ila jambo likiwagusa wananchi kwa ujumla kwa namna ileile, kama kodi ya majengo inayomlipisha kila mwenye nyumba, halihesabiwi. Vinginevyo hakuna ambaye angeweza kupiga kura juu ya kodi.

Turudi kwa msanifu wetu. Akitoka, ujuzi wote unatoka naye, na waliobaki wanajadili alama wasizozielewa. Hili ndilo suala gumu hasa, kuliko uaminifu wake. Njia inayofaa ni kuutenga ujuzi na kura: mji ukodi mshauri wa nje asiyetafuta kazi pale, au mafundi kadhaa wenye maslahi yanayopingana waitwe kutoa maelezo hadharani, naye angeweza kuwa mmoja wao kabla hata ya kugombea udiwani. Ni gharama, na ndiyo maana miji midogo hurudi kwake.

Na hesabu nayo inaweza kukataa. Msanifu ametoka. Mwenye nyumba za kupangisha naye ametoka. Wa tatu mke wake anauza paneli za sola. Wa nne ana kiwanja mkabala na mradi. Wamebaki watatu, na akidi, yaani idadi ya chini inayotakiwa ili kikao kiamue, ni wanne. California ina jibu hata kwa hili: waliotoka wanapigiwa kura ya bahati nasibu ili apatikane mmoja wa kutimiza akidi. Atakayeangukiwa anarudi kitini, anataja tena mbele ya wote kile anachoweza kunufaika nacho, kisha anapiga kura.