Kebo ya springi ni nini, na huchaguliwaje kwa kazi za kiwandani?

Mtu yeyote aliyewahi kuongea kwa simu ya mezani amekwisha kuishika kebo ya springi. Ni ule waya uliojiviringa kati ya mkono wa simu na simu yenyewe, unaorefuka msemaji anaposogea dirishani na kujikunja tena anaporudi mezani. Viwandani waya wa namna hiyohiyo, mnene zaidi na wenye ganda gumu zaidi, hupeleka umeme kwenye bisibisi ya umeme inayoning'inia juu ya meza ya kuunganishia vifaa, kwenye kidude cha mkononi cha kuongozea mashine ya CNC (ya kukata na kuchonga vyuma kwa kuongozwa na kompyuta), na kwenye vitufe vya kuendeshea winchi; barabarani tunauona nyuma ya kichwa cha lori, ukipeleka umeme wa taa kwenye tela. Wapo wanaouita waya wa koili. Mimi nachagua jina la springi kwa sababu linataja kiini cha jambo: kifaa hiki ni springi kwanza, kisha ni kebo, na makosa mengi ya ununuzi hutokana na kukichagua kama kebo ya kawaida iliyokunjwa ili isichukue nafasi.

Ndani yake kuna kondakta za shaba zilizosukwa kwa nyuzi nyembamba sana, kwa kawaida za daraja la 5 au la 6 katika kiwango cha kimataifa IEC 60228, kila kori, yaani kila kondakta moja, ikiwa na kihami chake (ganda dogo la kuzuia umeme), na kori zote zikiwa zimefunikwa na ganda moja la nje. Shaba haina kazi yoyote katika kujikunja. Kazi hiyo ni ya plastiki au mpira ulioizunguka, hasa lile ganda la nje. Kiwandani kebo iliyonyooka huviringwa kwa kubanana kwenye fimbo ya chuma, hupashwa moto hadi ganda lilegee, kisha hupoozwa ikiwa bado imeviringwa, nalo ganda hubaki likikumbuka umbo lile. Watengenezaji wengine huongeza hatua moja: baada ya kuitoa kwenye fimbo, huigeuza koili iviringike upande wa pili, na hapo hubanana zaidi na kurudi kwa nguvu zaidi inapovutwa.

Swali ambalo fundi makini hujiuliza ni kwa nini shaba isikatike, ilhali kebo huvutwa mara mia kwa siku. Jibu linaweza kuonekana kwa macho. Chukua ukili au ukanda wa kitambaa, uviringe mara tano kwenye chupa, ichomoe chupa, kisha zivute ncha mbili za ukanda bila kuziacha zizunguke. Ukanda utanyooka, lakini utakuwa umejisokota mara tano, msokoto mmoja kwa kila mzunguko uliokuwapo. Ndivyo inavyokuwa kwa kebo: koili inapovutwa, waya wenyewe haurefuki hata kidogo, bali hujisokota kidogo katika kila mzunguko, na msokoto huo mdogo uliogawanywa kwenye mizunguko mingi ndio ambao nyuzi nyembamba za shaba huweza kuuvumilia kwa miaka. Ukiivuta hadi ikaribie kunyooka kabisa, kila mzunguko hubeba msokoto wake wote, ganda hupoteza kumbukumbu yake, na kebo hurudi ikiwa imelegea kama ulimi wa kiatu kikuukuu. Kwa hiyo watengenezaji huweka kikomo cha kuvuta, mara nyingi kati ya mara 3 na 4 ya urefu wa koili iliyofungwa, ingawa waya wenyewe ungeweza kufika mbali zaidi ya hapo.

Hapa ndipo palipo na jambo ambalo wanunuzi wengi hulipita. Kebo ya springi ina urefu wa aina tatu: urefu wa koili ikiwa imefungwa, urefu wa kufanyia kazi ikiwa imevutwa, na urefu halisi wa shaba iliyomo ndani. Kwenye tangazo la dukani huandikwa miwili ya kwanza, lakini umeme husafiri katika ule wa tatu. Tuseme kebo ina unene wa milimita 9 na koili yake ina kipenyo cha nje cha milimita 36. Kipenyo cha koili kikipimwa kutoka katikati ya waya upande mmoja hadi katikati ya waya upande wa pili ni milimita 27, hivyo kila mzunguko unakula takriban milimita 85 za kebo. Na kwa kuwa mizunguko imebanana, mita moja ya koili ina mizunguko kama 111. Zidisha, utapata karibu mita 9.4. Yaani kebo inayouzwa kama ya mita moja, inayofanya kazi hadi mita 3 au 3 na nusu, ina zaidi ya mita 9 za shaba kwenda na nyingine kama hizo kurudi.

Kondakta ya shaba ya milimita za mraba 1.5 ya daraja la 5 ina ukinzani usiozidi omu 13.3 kwa kilomita katika nyuzijoto 20. Kwa kebo yetu hiyo, kwenda na kurudi ni takriban omu 0.25. Ikipitisha ampea 10, volti 2.5 hupotea njiani. Kwenye umeme wa volti 230 hasara hiyo ni kama asilimia moja, na hakuna mashine itakayolalamika. Kwenye mfumo wa volti 24, ambao ndio wa vidhibiti vingi vya mashine na wa malori, ni zaidi ya asilimia 10, na hapo mota hukosa nguvu na rilei (swichi inayowashwa kwa umeme) hushindwa kushika, wakati fundi anayepima kwenye plagi mashine ikiwa imezimwa anaziona volti 24 zake zote zimetimia.

Hasara hiyohiyo hugeuka kuwa joto: ampea 10 kwenye omu 0.25 ni wati 25, sawa na chuma kidogo cha kulehemu redio, tofauti ikiwa kwamba joto lake limesambaa kwenye koili nzima. Kebo ikiwa imevutwa, hewa hupita kati ya mizunguko na kuipoza. Ikiwa imejikunja, kila mzunguko umelalia mwenzake, na joto la ndani halina pa kutokea. Kwa sababu hiyo ampea zinazoruhusiwa kwa kebo ya springi ni chache kuliko za kebo iliyonyooka ya unene uleule, na hesabu yake ifanywe kwa hali mbaya zaidi, yaani koili ikiwa imefungwa na mzigo ukiwa umejaa. Wapo wanaodhani joto hilo linaletwa na sumaku, kwa kuwa waya ulioviringwa ndivyo sumaku ya umeme inavyotengenezwa. Katika kebo yenye kori ya kwenda na ya kurudi ndani ya ganda moja, mikondo miwili hukabiliana na sumaku zake hufutana karibu zote. Kinachoichosha kebo ni joto la ukinzani tu.

Kuhusu ganda, PVC ni ya bei nafuu na inafaa ofisini, lakini kumbukumbu yake ni dhaifu, joto huilegeza na baridi huikakamaza. Katika viwanda vya kuchakata samaki, kama vile vya sangara Mwanza, ambako mfanyakazi huingia na kutoka kwenye vyumba vya baridi kali, kebo ya PVC hugeuka fimbo. Poliyurethani, plastiki inayonyumbuka kama mpira, ndiyo inayotawala viwandani, kwa sababu inarudi vizuri, haichaniki upesi, na inastahimili mafuta ya mashine. Ila poliyurethani nayo ni ya aina mbili: yenye asili ya poliyesta huharibiwa polepole na maji na unyevu wa joto, ilhali yenye asili ya poliyetha huvumilia, kwa hiyo mahali panapooshwa kwa maji ya moto kila jioni ni lazima kuulizia hii ya pili. Karibu na mashine ya kuchomelea, poliyurethani hutobolewa na cheche, na mpira ni bora zaidi hata kama ni mzito na unarudi kwa uvivu. Maandishi yaliyopigwa kwenye kebo husaidia: H07BQ-F, kwa mfano, humaanisha kebo ya viwango vilivyooanishwa vya Ulaya, ya volti 450/750, yenye kihami cha mpira wa ethilini-propilini, ganda la poliyurethani, na kondakta laini za kunyumbulika.

Kosa moja la matumizi huharibu ganda zuri kuliko yote: kuiacha kebo ikiwa imevutwa mahali penye joto. Ganda lililofundwa umbo kwa moto hufundwa upya kwa moto. Kebo nyeusi iliyonyooshwa juani tangu asubuhi hadi jioni, siku baada ya siku, itajifunza kuwa ndefu, na hakuna wa kulaumiwa isipokuwa aliyeacha kuipumzisha. Nimewaona mafundi wakiiviringa upya kwenye bomba na kuipasha kwa mashine ya kukaushia nywele. Kwa waya wa simu ya redio sioni ubaya, lakini kwa kebo ya volti 230 sishauri, kwa kuwa hakuna ajuaye kihami cha ndani kimelainika kiasi gani na kori zimesogeleana wapi.

Kebo ya springi hufa mara nyingi kwenye ncha. Kila koili ina kipande kilichonyooka kila upande, na pale kipande hicho kinapoingia kwenye plagi au kwenye sanduku la mashine, msokoto uliokuwa umegawanywa vizuri hugeuka kuwa mkunjo wa mahali pamoja. Ncha iwe ndefu ya kutosha kufika kwenye kiungo bila koili yenyewe kuanza kuvutwa, ibanwe kwa glandi (kibano cha mahali kebo inapoingilia) inayoshika ganda wala si kori, na iwe na mpira wa kuzuia isipinde kwa kona kali. Uzito wa kifaa usibebwe na kebo. Bisibisi inayoning'inia ina kamba yake ya chuma na mizani yake, nayo kebo huandamana tu. Kebo ikining'inizwa wima, mizunguko ya juu hubeba uzito wa ile ya chini na hufunguka zaidi. Ikitandikwa mlalo bila kitu cha kuishikilia, hushuka katikati kama kamba ya kuanikia nguo na kuwanasa wapitao. Nguvu ya kurudi pia ina gharama yake: kebo nene inayovuta mkono wa mfanyakazi kwa saa nane ni kero ambayo haionekani kwenye karatasi ya manunuzi.

Kwenye malori mambo haya yote hukutana. Mfumo wa volti 24 wenye plagi za pini 7 umewekewa kiwango cha ISO 1185 kwa taa za kawaida na ISO 3731 kwa taa za nyongeza, plagi ya pini 15 ina ISO 12098, na kebo ya ABS (mfumo wa kuzuia magurudumu yasikwame wakati wa kufunga breki) ina kiwango chake, ISO 7638. Urefu hupimwa tela likiwa limekata kona kali kabisa, si likiwa limenyooka nyuma ya kichwa uani. Kebo fupi hukazika kila kona. Ndefu mno hulala juu ya chasisi na kusuguliwa pamoja na mipira ya upepo hadi ganda linatoboka. Pini namba 1 ni ya athi, yaani njia ya kurudishia umeme, na mkondo wa taa zote hurudia hapo, ndiyo maana kebo nzuri huipa kori nene kuliko nyingine. Nyuzi za kori hiyo zikikatika ndani ya ganda, mkondo hutafuta njia ya kurudi kupitia taa nyingine: dereva anakanyaga breki, nazo taa za pembeni zinawaka kwa kufifia, au indiketa inapowaka taa za breki zinapepesa nazo. Watu hubadilisha balbu mbili tatu kabla mmoja wao hajaitikisa kebo pale inapoingilia plagi.

Si kila kitu kinachosogea kinahitaji springi. Mkono wa mashine unaokwenda na kurudi kwa kasi bila kupumzika huifanya koili iruke na kujipiga, na huko mnyororo wa plastiki wa kubebea kebo ni bora. Safari ndefu ya kreni ya juu inahitaji kebo bapa inayoning'inia kwenye vigari vidogo, na kazi ya mita 20 au 30 ni ya rili, yaani gurudumu la kuviringia kebo. Springi ina ufalme wake katika mita chache, mwendo wa taratibu, na kifaa kinachorudi mahali pake baada ya kazi.

Mfano ninaoupenda zaidi ni ule wa bohari za mafuta, ambako kebo ya springi yenye kibanio cha chuma huunganishwa na gari la kubebea mafuta kabla kifuniko cha tangi hakijafunguliwa, ili umemetuli, ule umeme wa msuguano unaoweza kutoa cheche, usijikusanye. Hapo hesabu ya volti haina maana. Kinachotakiwa ni njia ya kwenda ardhini isiyokatika, na kipimo kinachotumika sana ni ukinzani usiozidi omu 10. Kebo huchaguliwa yenye rangi kali ili dereva asiondoke nayo, na ganda lisiloharibiwa na petroli. Ikikatika, haiungwi kwa utepe: kiungo hicho hakitajisokota pamoja na wenzake, mzunguko unaofuata utabeba msokoto wa miwili, na nyuzi zitakatika hapohapo pembeni yake, ndani ya ganda ambalo kwa nje bado linaonekana zima.